Kuchagua ringi za pistoni za Vespa na Lambretta za zamani: maswali tunayoulizwa Tabora

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wenye Vespa, Lambretta na Bajaj Chetak wa mjini Tabora, pamoja na wale wanaotuletea mashine zao kutoka Urambo, Sikonge na Nzega, huuliza kabla ya kutoa fedha za ringi mpya. Vitabuni huitwa pete za pistoni; gerejini kila mtu husema ringi, nami nitafuata lugha ya gereji. Majibu yanahusu injini za stroku mbili zenye silinda ya chuma, kwa sababu ndizo tunazozifungua kila wiki.

Nitajuaje kwamba ringi ndizo zimechoka?

Dalili ya kuaminika ni injini inayowaka vizuri asubuhi ikiwa baridi, kisha ikishapata moto na kuzimwa mbele ya duka, inakataa kiki kumi na tano mfululizo. Dalili ya pili ni kiki yenyewe kushuka kwa ulaini, kama inayokanyaga sponji, bila ule mkinzano wa pistoni kubana hewa. Ya tatu huonekana ukishavua silinda: sehemu ya pistoni iliyo chini ya ringi huwa na michirizi ya kahawia au nyeusi, maana yake moto umekuwa ukipenya pembeni ya ringi kwenda chini.

Moshi peke yake si ushahidi. Watu waliozoea magari huona moshi na kusema ringi zimekwisha, lakini injini ya stroku mbili huchoma oili kwa maumbile yake, na kufuka kidogo ni hali yake ya kawaida. Ikiwa Vespa yako inafuka moshi mzito mweupe na oili ya giaboksi, ambayo kwa kawaida ni mililita 250, inapungua bila kuvuja chini, basi tatizo ni sili ya krenki (mpira unaozuia oili isipenye) upande wa klachi: injini inavuta oili ya gia na kuichoma. Ringi mpya hazitabadilisha chochote hapo, na nimewahi kuona mtu akizinunua mara mbili kabla ya kukubali kupasua injini na kubadilisha sili.

Kumbuka pia kwamba ringi inaweza kuwa nzima ila imenata mferejini kwa sababu ya kaboni. Ukiibonyeza kwa kidole, ringi nzima hucheza. Iliyonata haicheki wala hainuni. Hiyo husafishwa na kupimwa upya kabla ya kutupwa.

Je, inatosha kwenda dukani na kutaja jina la pikipiki?

Haitoshi, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Ringi huchaguliwa kwa silinda na pistoni zilizo ndani ya injini yako leo. Jina lililoandikwa ubavuni halisemi lolote juu ya mafundi waliopita humo kwa miaka arobaini.

Hata kabla ya mafundi, viwanda vyenyewe vilitofautiana. Vespa PX 125 ilitoka Piaggio ikiwa na silinda ya kipenyo cha milimita 52.5, PX 150 ina 57.8, na ile ya 200 ina 66.5, zote tatu zikiwa na mwendo wa pistoni wa milimita 57. Sprint Veloce ya 150, iliyo ya zamani zaidi ya PX, ina kipenyo cha 57 kamili, kwa hiyo watu wawili wanaosema dukani kwamba wana «Vespa 150» wanaweza kuwa wanahitaji ringi mbili zisizofanana. Chetak, ambayo Bajaj ilianza kuiuza India mwaka 1972 baada ya kuunda Vespa kwa leseni ya Piaggio, nayo ni 57 kwa 57. Lambretta Li 150 ya kiwanda cha Innocenti ina kipenyo cha 57 vilevile ila mwendo wake ni 58. Li 125 ni 52, na TV 175 ya toleo la pili na la tatu ni 62.

Tazama mtego uliopo: Sprint, Chetak na Li 150 zote ni 57. Muuzaji mwenye nia njema kabisa atakupa ringi ya 57 na itaingia silindani vizuri, lakini unene wake na mkato wake wa pini (ile ndogo inayoizuia ringi isizunguke) vinaweza visiafikiane na pistoni yako. Nitarudi kwenye suala hilo hapa chini.

Namba iliyochongwa juu ya pistoni ina maana gani?

Ni saizi yake. Silinda ya chuma ikichakaa hupelekwa kwa fundi mkerezaji, ikapanuliwa kwa hatua na kuvishwa pistoni kubwa zaidi. Piaggio ilitoa ovasaizi kwa hatua za milimita 0.2, hivyo PX 150 ya standadi ni 57.8, kisha 58.0, 58.2 na 58.4. Pangusa kaboni kwenye kichwa cha pistoni kwa kitambaa chenye petroli, usikwangue kwa bisibisi, na kwa kawaida namba itajitokeza. Ringi zinunuliwe kwa namba hiyo, lakini baada tu ya kuhakikisha kwamba silinda bado inalingana na pistoni. Ikiwa pistoni haina namba, ipime kwa maikromita chini kwenye sketi, yaani ukuta wa chini wa pistoni, pembemraba na pini kubwa inayoishika pistoni. Mahali pengine popote itakudanganya, kwani pistoni haikuundwa kuwa duara kamili.

Silinda nitaipimaje ikiwa sina vifaa vya kupimia ndani?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake halihitaji zaidi ya ringi moja mpya na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mianya), kifaa ambacho fundi yeyote wa magari pale karibu na stendi anacho.

Chukua ringi mpya ya saizi unayoamini ni sahihi, uibonyeze kwa vidole na kuiingiza ndani ya silinda tupu. Geuza pistoni kichwa chini, uitumie kuisukuma ringi ili ikae sawa bila kuinama. Pima mwanya kati ya ncha zake mbili kwa fila geji. Pima mara ya kwanza chini kabisa ya silinda, mahali ambapo ringi huwa hazifiki, kisha upime juu, kiasi cha sentimita moja na nusu kutoka ukingoni, mahali ringi ya juu hugeuzia mwendo na ambapo uchakavu ni mkubwa.

Sasa fanya hesabu. Kipenyo kikiongezeka, mzingo huongezeka mara 3.14 ya ongezeko hilo, na ongezeko lote la mzingo hujitokeza kwenye mwanya wa ringi. Kwa hiyo ukichukua mwanya wa juu, ukatoa wa chini, kisha ukagawanya kwa 3.14, unapata ni kiasi gani silinda imepanuka. Mfano wa wiki iliyopita, silinda ya Chetak: chini mwanya ulikuwa milimita 0.25, juu ulikuwa 0.70. Tofauti ni 0.45, na ukiigawanya unapata takriban 0.14. Silinda ile ilikuwa imeliwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na mwenyewe alikuwa amekuja na ringi mpya mfukoni, za saizi sahihi kabisa, ambazo zisingemsaidia.

Mimi hutumia mpaka huu: tofauti ikionyesha upanukaji wa chini ya milimita 0.05, ringi mpya zinatosha. Kati ya 0.05 na 0.10, tunazungumza na mwenye mashine kuhusu matumizi yake na uwezo wake, ikizidi 0.10, silinda iende kukerezwa, na ringi zinunuliwe pamoja na pistoni ya ovasaizi. Ringi katika silinda iliyopanuka juu na kubana chini hulazimika kufunguka na kufumba katika kila mzunguko, maelfu ya mara kwa dakika, hadi inachoka na kuvunjika.

Mwanya wa ncha za ringi unapaswa kuwa kiasi gani?

Kanuni ya zamani ya injini za stroku mbili zinazopozwa kwa hewa ni sehemu nne kwa elfu za kipenyo. Kwa silinda ya 57 unapata takriban milimita 0.23. Mwanya kati ya 0.20 na 0.35 unakubalika bila wasiwasi kwa ringi mpya. Ukiwa chini ya hapo, ringi ikipata moto itatanuka hadi ncha zigongane, na kinachofuata ni pistoni kushika silindani, pengine katikati ya barabara ya Sikonge ambako kivuli cha mwembe ni cha kutafuta.

Mwanya ukiwa mdogo unaruhusiwa kuongeza kwa tupa laini. Ibane tupa kwenye jiliwa, usogeze ringi juu yake kuelekea ndani, mara mbili tatu, kisha upime tena. Ukisugua kutoka ndani kwenda nje, ringi ya kromu itabanduka ngozi yake nchani.

Silinda yangu imepanuka kidogo. Je, siwezi kuweka ringi za saizi inayofuata na pistoni ileile?

Hapana. Nitaeleza kwa kirefu, maana wanaoshauri jambo hili ni wengi.

Mwalimu mmoja mstaafu alituletea PX 150 iliyotengenezwa kwingine mwezi uliotangulia. Pistoni ilikuwa 57.8, ya standadi. Muuzaji wa spea alimpa ringi za 58.0 akimwambia kwamba «zitabana vizuri zaidi». Ringi ya 58.0 ikiingizwa katika silinda ya 57.8, mwanya wake hupungua kwa 0.2 mara 3.14, yaani 0.63, wakati mwanya wenyewe ulikuwa robo milimita tu. Kwa maneno mengine ncha zinapandana kabla injini haijawaka. Fundi akazisugua kwa tupa hadi zikaingia. Ringi ile haikuwa tena duara ndani ya silinda. Tulipoitoa iling'aa sehemu tatu, na katikati ya sehemu hizo ilikuwa na weusi wa masizi, kwa sababu haikuwahi kugusa ukuta. Mikato ya pini nayo ilikuwa imesuguliwa pamoja na ncha, kwa hiyo ringi ilikuwa ikicheza huku na huku juu ya pini yake.

Kinyume chake nacho kipo: ringi ya 57.8 katika silinda ya 58.0 huacha mwanya wa karibu milimita 0.9. Injini itawaka, lakini mlimani itakuaibisha.

Unene wa ringi na mkato wa pini vina umuhimu gani?

Vina umuhimu sawa na kipenyo, ila huwa havitajwi dukani. Ringi za pikipiki hizi huwa na unene wa milimita 2.5, 2.0 au 1.5, kutegemea umri na mtengenezaji wa pistoni. Pistoni za zamani nyingi zilipenda ringi nene. Za miaka ya karibuni hupenda nyembamba. Pima mfereji wa pistoni na ringi kwa venia (kipimo cha taya mbili), kisha uthibitishe kwa fila geji: ringi ikiwa mferejini, geji ya 0.05 inaweza kupita ubavuni mwake, lakini ya 0.15 ikiingia bila kusukumwa, mfereji umeliwa na pistoni haifai tena, hata ikipewa ringi za dhahabu.

Kuhusu pini: injini ya stroku mbili ina milango, yaani matundu ya kupitishia hewa na moshi, ukutani mwa silinda, na ringi ikiachwa izunguke ovyo, ncha yake itachungulia mlangoni, itanasa na kukatika. Ndiyo maana kila mfereji una pini ndogo inayoizuia. Pistoni nyingine zina pini katikati ya mfereji, na ringi yake ina vikato vya nusu mwezi upande wa ndani wa kila ncha. Nyingine zina pini juu au chini ya mfereji, na ringi yake imekatwa kwenye kona. Hizi mbili hazibadilishani. Ishike ringi ya zamani na mpya pamoja kwenye mwanga, uangalie ncha zake kabla ya kulipa. Hiyo ndiyo sababu tunawaomba watu wasitupe ringi za zamani hata zikiwa zimevunjika. Kipande chenye ncha kinatosha.

Ringi ya kromu au ya chuma tupu?

Kwa silinda ya chuma zote mbili zinafaa. Ya kromu hudumu zaidi penye vumbi, ya chuma huzoeana haraka na silinda. Kwa mtu anayekwenda Kwihara na kurudi kila siku katika kiangazi ningependekeza ya kromu kwenye mfereji wa juu. Lakini ikiwa mtu aliwahi kukufungia silinda ya alumini iliyopakwa kromu ndani, usiweke kamwe ringi ya kromu, kwa kuwa kromu juu ya kromu hulana, na silinda hiyo haikerezwi kama ya chuma.

Je, ringi za bajaji zitafaa?

Hapa lugha yetu imetuchanganya, kwa kuwa bajaji kwetu ni ile ya magurudumu matatu. Bajaji za mwanzo za stroku mbili zilitumia injini ya ujazo wa sentimita za ujazo 145 iliyo ndugu wa Chetak, na ringi zake zinaweza kuoana na za Chetak, ukishathibitisha unene na pini. Bajaji nyingi zilizoko barabarani leo ni za stroku nne. Pistoni yake ina ringi tatu, moja ikiwa ya kukwangua oili, na haina pini. Hizo hazikuhusu.

Nibadilishe ringi moja au zote mbili?

Zote mbili.

Mbona kompresheni (mbano wa hewa silindani) ya Vespa yangu ilikuwa kubwa nilipokuwa Unguja?

Kwa sababu Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 13. Injini iliyosoma paundi 120 kwa inchi mraba ufukweni itasoma takriban 104 hapa bila chochote kuharibika. Wapo waliokwisha kubadilisha ringi nzima kwa sababu ya geji tu. Pima injini ikiwa na moto, mafuta yakiwa yamefunguliwa yote, na ulinganishe na vipimo vya injini yako mwenyewe vya hapahapa.

Nizivishe vipi bila kuzivunja?

Anza kwa kusafisha mifereji. Kipande cha ringi ya zamani kilichovunjwa ndicho kifaa bora, mradi ukwangue kaboni bila kukwangua alumini. Visha ya chini kwanza, ukizitanua kwa dole gumba kiasi cha kupita tu. Ikiwa ringi ina herufi karibu na ncha, herufi hiyo itazame juu. Mshale wa kichwa cha pistoni uelekee mlango wa moshi. Paka oili ya stroku mbili, panga kila mwanya juu ya pini yake, bana ringi kwa vidole na ushushe silinda moja kwa moja. Usiizungushe silinda inapokwama. Hiyo ndiyo kosa la kawaida kuliko yote: ncha ya ringi hutoka kwenye pini, ikaingia mlangoni, na utasikia mlio mdogo kama wa kuvunja njiti ya kiberiti. Ikikwama, inua na uanze tena.

Silinda iliyotoka kukerezwa ikaguliwe kwa kidole kwenye kingo za milango. Zikiwa kali kama wembe, mkerezaji hajamaliza kazi. Zilainishwe kidogo kwa msasa, vinginevyo zitanyoa ringi mpya siku ya kwanza. Klipu za pini ya pistoni ziwe mpya kila mara.

Nichanganye oili kiasi gani, na nitembee vipi mwanzoni?

Fuata injini, usifuate hofu. PX na Sprint zinahitaji asilimia 2, yaani mililita 20 kwa lita, au 100 kwa lita tano. Lambretta nyingi zinataka asilimia 4. Kuongeza oili maradufu «ili ringi zizoee» hujaza kaboni kwenye mifereji ileile uliyoisafisha. Kwa kilomita 500 za mwanzo usifungue mafuta yote, usibebe mzigo wa mkaa, na usishikilie mwendo mmoja kwa muda mrefu. Ongeza na upunguze, ringi zipate kukandamizwa ukutani na kupoa kwa zamu.

Ringi zangu hazimalizi mwaka. Je, ni feki?

Inawezekana, lakini kwanza tazama pistoni. Ikiwa upande wa kuingizia hewa umefifia kama uliopigwa msasa laini, na ringi zimekonda ubavuni, hiyo ni kazi ya mchanga. Kati ya Juni na Oktoba vumbi la barabara zetu hupenya kila ufa. Kwenye Vespa, chunguza mpira wa mikunjo unaounganisha boksi la kabureta na bodi. Kwenye Lambretta, mpira unaotoka kwenye kabureta kwenda kwenye boksi la hewa. Ukunje kwa vidole kwenye mwanga, kwa kuwa ufa wake hufumba mpira ukiachiwa.

Mimi mwenyewe nilikuwa na PX iliyokula seti mbili ndani ya miezi kumi na moja, nikamlaumu muuzaji hadi tukaacha kusalimiana. Nilipoukunja mpira ule, ufa ulikuwa mrefu kama ukucha wa kidole cha mwisho, upande wa chini ambao jicho halifiki. Seti ya tatu, kutoka duka lilelile, ilikuwa imefikisha msimu wa pili wa kiangazi nilipoiuza mashine.